Chakula cha Boti Hupangwa Nchi Kavu

Wavuvi wa omena wa Port Victoria huingia ziwani jioni na taa zao, wakarejea asubuhi. Wengine huelekea mbali zaidi, hadi visiwa vya Mageta na Sigulu. Injini ikizima au upepo ukichafuka, safari ya usiku mmoja huweza kugeuka ya siku mbili. Kwa hivyo, kila boti ibebe chakula na maji ya safari pamoja na akiba.

Maji kwanza. Kadiria lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Watu 4 wanahitaji lita 12. Wakijaza jerikeni ya lita 20, wanabaki na akiba ya lita 8. Maji ya ziwa, hata yakionekana safi, yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kabla ya kuondoka, yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1, au uyatie dawa ya klorini kwa kufuata maelezo yake. Usitumie jerikeni iliyowahi kubeba petroli.

Pili, ule kwa mpangilio. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 joto likizidi nyuzi 32. Ugali, samaki, mayai na viazi vitamu vya kuchemsha viliwe kabla ya kung'oa nanga au mapema safarini. Vya baadaye viwe vikavu au vyenye maganda: njugu karanga za kukaanga, biskuti, ndizi mbivu na machungwa.

Tatu, tenganisha. Chakula kikae kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na samaki wabichi na mafuta ya injini. Beba sabuni, na unawe mikono kwa maji safi kabla ya kula. Usiwashe jiko la makaa karibu na petroli.

Weka pia pakiti chache za ORS. Mtu akiharisha ziwani hupoteza maji haraka, na hospitali iko mbali. Changanya pakiti na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, anywe kidogo kidogo huku boti ikirudi ufuoni, kisha apelekwe kituo cha afya.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani saa mnayotarajiwa kurudi. Akiba hununua muda. Anayejua mmechelewa ndiye atakayeomba msaada.