BAISKELI MLIMANI: SOMO KWA WANAOSHUKA RIAT NA KAJULU

Wengine katika jarida hili wameandika juu ya ngeli na methali. Mimi nimechagua kitu ambacho wengi wetu tunakikalia kila siku bila kukifikiria, yaani baiskeli, na hasa baiskeli kwenye mteremko wenye mawe na miti.

Sababu ninayo. Muhula uliopita kulikuwa na mazungumzo kwamba wanafunzi wanaotoka vilimani wakatazwe kuja shule na baiskeli kwa kuwa ni hatari. Hatari ipo, siikatai. Lakini shule yetu ni ya kutwa. Anayetoka juu ya Riat kwa miguu huondoka kwao saa kumi na moja alfajiri, na jioni hufika giza limeshaingia, kazi ya ziada haijaguswa. Kumnyang'anya baiskeli ni kumnyang'anya muda wa kusoma. Mimi naona dawa ni kufundishwa. Someni kwanza, kisha mhukumu.

1. Ardhi yetu ilivyo

Kisumu iko kando ya ziwa, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki ni tambarare ya Kano, ambako mtu anaendesha kutoka Kibos hadi Ahero bila kuhema sana. Lakini ukigeuka kaskazini tu, ukishapita Mamboleo, ardhi inasimama mbele yako. Huku ni Riat, kule ni Kajulu, na zaidi ya hapo ni magenge ya Nandi. Ukipita Kiboswa unaingia Vihiga, kilima baada ya kilima, mpaka mji wa Kakamega ulio mita 1,535 hivi. Kwa hivyo anayetoka Kisumu kwenda Kakamega, mwendo wa kama kilomita 50, huwa amepanda mita 400 kwa jumla, mbali na mabonde anayoshuka na kupanda tena njiani.

Karibu na mji huo kuna msitu wa Kakamega, kipande cha msitu wa mvua kama misitu ya Kongo, wenye mbega, kifutu na vijia vingi chini ya miti mirefu. Sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1985.

Hizo ndizo njia zetu za baiskeli za mlimani, hata kama hakuna kibao kinachosema hivyo. Wanaozijua vizuri ni wauza ndizi, wauza makaa, wauza maziwa na sisi wanafunzi. Wazee wetu pia walizijua. Boda boda za baiskeli zilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, zikaenea hadi Kisumu, abiria akikalia keria yenye mto. Ni baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, ndipo pikipiki zilipochukua kazi hiyo kwa wingi.

2. Mchezo huu ulianzia wapi?

Kumbe hata huko Marekani mchezo wa baiskeli za mlimani ulianza na vyuma vikuukuu. Miaka ya 1970, vijana wa mlima Tamalpais huko California walichukua baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene na gia moja, wakawa wanashuka nazo njia za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza kwenye mteremko walioupa jina la Repack. Mteremko huo hushuka kama mita 400 kwa kilomita 3 na kidogo. Linganisha na safari yetu ya kilomita 50 na utaona ukali wake.

Jina hilo lina funzo. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, za kukanyaga kinyume. Wakifika chini, grisi ilikuwa imeungua na kutoka moshi, ikabidi kufungua kitovu na kujaza grisi mpya. Repack maana yake ni kujaza upya. Baadhi yao, kama Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey, baadaye walitengeneza baiskeli mpya zinazofaa mlima, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki huko Atlanta.

Hapa Kenya pia tuna mfano. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza akiwa kijana kwa David Kinjah huko Kikuyu, wakipita vijia vya milimani. Mwaka 2013 alishinda Tour de France.

3. Kwa nini breki hushindwa?

Hapa tuombe msaada wa somo la Fizikia. Tuseme wewe na baiskeli yako mna uzito wa kilo 80, na umeshuka kimo cha mita 200. Zidisha 80 kwa 10 kwa 200, unapata jouli 160,000. Nishati hiyo haipotei. Ukiwa umefika chini na kusimama, karibu yote imegeuka joto, na sehemu kubwa imepita kwenye breki. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu nusu lita ya maji baridi. Sasa ongeza mkungu wa ndizi wa kilo 60, joto linakaribia mara mbili. Na kinachobeba moto wote huo ni vipande vya raba vidogo kama kidole!

Jambo la pili ni maji. Black Mamba nyingi zina rimu za chuma. Chuma kikilowa, raba inateleza juu yake na breki inashika kidogo sana mpaka maji yafutike. Ndiyo maana ajali huwa nyingi mvua ikinyesha, wakati ule ule ambapo kila mtu anaharakisha asilowe.

Jirani yetu mmoja, kijana wa kubeba ndizi, alikuwa hana raba za breki. Yeye alizoea kufunga gurudumu la nyuma kwa kandambili, kama wengi wafanyavyo. Siku za kiangazi ilifanya kazi. Siku moja ya Aprili mvua ilimkuta katikati ya mteremko, kandambili ikateleza, akaingia kwenye mawe. Alivunjika mtulinga na akakaa miezi miwili bila kazi. Raba mpya zingemgharimu pesa kidogo kuliko ndizi zilizoharibika siku hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini je, yuko mkuu aliyewahi kumwambia?

4. Kanuni za kushuka

(a) Kagua kabla ya kuondoka. Finya breki zote mbili na ujaribu kuisukuma baiskeli mbele. Ikienda, usiipande. Tazama pia vyuma vya breki, nati za magurudumu na cheni.
(b) Punguza mwendo ukiwa bado juu. Mwendo ukishakushinda, breki pia zitakushinda.
(c) Tumia breki zote mbili. Anza na ya nyuma, kisha ya mbele taratibu. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla, utapita juu ya usukani.
(d) Rudisha mwili nyuma, na mzigo uwe chini na umefungwa barabara.
(e) Tazama njia unayotaka kupita. Macho yakiganda kwenye jiwe, gurudumu nalo huenda kwenye jiwe.
(f) Kama kuna maji, gusa breki mapema na mara kwa mara ili rimu ifutike.
(g) Usibebe mwenzako kwenye mteremko. Ashuke, atembee, mtakutana chini.
(h) Mahali pakali, shuka usukume. Si aibu. Hata wauza ndizi wa miaka mingi husukuma.

5. Kijia nacho kina haki

Kijia kinachoshuka moja kwa moja kutoka kileleni hugeuka mfereji. Tairi huchimba, maji hufuata, na baada ya masika machache unakuta korongo. Kijia kinachopinda na kukata mlima kwa ubavu hudumu, kwa sababu maji hukivuka na kwenda zake. Ni akili ile ile ya mkulima anayelima matuta. Kwa hivyo tusikate njia za mkato, tusipite udongo ukiwa tope, na ndani ya msitu tusitoke kwenye kijia. Mwenye miguu apewe nafasi kwanza, hasa akina mama waliobeba kuni kichwani, maana wao hawawezi kuruka pembeni.

Msamiati

Mteremko: sehemu ya kushuka. Mwinuko: sehemu ya kupanda. Genge: ukingo mkali wa mlima. Korongo: bonde jembamba lililochimbwa na maji. Kitovu: sehemu ya katikati ya gurudumu. Usukani: chuma cha kushikia na kugeuzia. Keria: kibebeo cha nyuma. Kwa Kijaluo baiskeli ni ndiga.

Ombi kwa walimu

Kabla ya marufuku, tupewe siku moja kila muhula. Fundi wa baiskeli aje, kila baiskeli ikaguliwe langoni, na isiyo na breki irudi nyumbani kwa kusukumwa. Atakayekataa kukaguliwa, huyo akatazwe.

Zoezi

1. Mwanafunzi na baiskeli yake wana kilo 70. Wameshuka kimo cha mita 150. Ni jouli ngapi zitageuka joto wakisimama chini?
2. Eleza kwa nini kandambili haiwezi kuwa breki wakati wa mvua.
3. Chora kijia kitakachodumu kwenye kilima cha kwenu, ukionyesha maji yatapita wapi.
4. Kagua baiskeli ya nyumbani leo jioni. Andika ulichokikuta, umwonyeshe mzazi.