Magoti ya Wazee Wetu



Katika somo la safari hii twaacha kidogo habari za miche na za kuanika, tuseme juu ya magoti. Wanachama wetu wengi ni watu wazima. Mtu aliyepanda mikarafuu tangu ujanani, akabeba magunia ya karafuu mbichi, akapalilia kwa kuchuchumaa, mara nyingi hufika miaka 60 akasikia goti lamuuma kila akiinuka. Wanawe humwambia, "Baba, wewe sasa pumzika." Neno hilo latoka katika mapenzi, wala hatulilaumu. Lakini tumewaona wazee walioingia ndani kwa maumivu ya goti moja tu, na baada ya muda wakawa hawawezi kwenda msalani ila kwa kushikwa mkono. Kilichowafikisha huko si goti peke yake, ni kule kukaa.

Yafaa kwanza tujue goti lilivyo. Ukikata mguu wa mbuzi waona kwenye ncha ya mfupa kitu cheupe, kigumu, chenye kuteleza. Hilo ni gegedu, nasi tunalo vile vile. Kwa umri, kwa uzito wa mwili, kwa kuumia zamani na kwa kazi za kupanda na kuchuchumaa miaka mingi, gegedu hulika, na mfupa wa pembeni huota vinundu. Wengi wetu twaiita hali hii baridi yabisi, lakini jina hilo limekusanya maradhi mengi mbali mbali. Madaktari huiita osteoathraitisi. Alama yake ni maumivu yanayozidi kwa kazi na kupungua kwa kupumzika, na goti kuwa gumu asubuhi kwa muda mfupi, kwa kawaida usiofika nusu saa.

Basi mtu husema, ikiwa goti limelika, kutembea si kutalimaliza? La. Goti hushikwa na nyama za paja. Nyama hizo zikiwa na nguvu, hupokea sehemu ya mzigo. Zikilegea, mzigo wote huangukia mfupa, na maumivu huzidi. Tena nyama za mzee hupotea upesi mno. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za wazee wazima wa afya waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Kwa siku hizo chache walipoteza kiasi cha kilo 1 ya nyama za miguu. Na hao hawakuwa wagonjwa!

Kwa hiyo zoezi ndilo dawa ya kwanza. Kaa barazani, unyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa, uuzuie huku ukihesabu mpaka 5, kisha uushushe pole pole. Fanya mara 10, halafu mguu wa pili. Zoezi jengine ni kukaa kitini na kusimama, bila ya kujisukuma kwa mikono ikiwezekana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana madhara. Yakiwa makali, au yakibaki mpaka kesho yake, punguza, usiache. Faida haionekani kwa siku mbili. Ngoja wiki 6 au 8.

Atakaye kujipima, na akae kitini, akunje mikono kifuani, ahesabu anasimama mara ngapi kwa nusu dakika, na mtu awe karibu naye asije akaanguka. Mwanamume wa miaka 70 mpaka 74 asiyefikisha mara 12, na mwanamke wa umri huo asiyefikisha mara 10, miguu yao imepungua nguvu, na yumkini wa kuanguka ni mkubwa.

Kisha bakora. Wazee wengi huishika upande wa goti bovu, na hilo ni kosa. Bakora hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, nayo hutangulia pamoja na mguu mbovu. Urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Wako wanaoona haya kuishika. Haya hiyo haina maana.

Juu ya kazi za msimu, mzee mwenye goti bovu asipande tena mkarafuu, hata kama kijana wa kuchuma hapatikani. Lakini asiondolewe shambani. Kugeuza karafuu juani na kuangalia mawingu ni kazi za kutembea na kusimama, na zamfaa. Kuchambua nako kwafaa, ila asikae chini mkekani saa tatu mfululizo. Apewe kiti, na kila nusu saa ainuke azunguke uwanja. Mwenye mwili mzito akipunguza kilo 1, kila hatua goti hupunguziwa mzigo wa kiasi cha kilo 4. Kwa sala, asiyeweza kusujudu sheria imempa ruhusa ya kiti, na hilo kila mmoja wetu alijua.

Sasa dawa. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama pipi. Vyaondoa maumivu kweli, lakini vikitumiwa siku nyingi huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha, khasa kwa mzee anayetumia dawa za presha. Asivimeze kila siku bila ya kumwuliza daktari. Dawa ya kupaka ya diklofenaki ina hatari ndogo zaidi. Na mafuta yetu ya karafuu? Twayapenda, na huchangamsha ngozi na kutuliza kidogo, lakini hayarudishi gegedu. Yachanganywe na mafuta ya nazi, kwani matupu huunguza; wala yasinywewe.

Si kila goti ni la uzee. Likivimba ghafula likawa jekundu na la moto, au ikaja homa. Au mtu ameanguka na hawezi kuukanyagia mguu. Au miguu imekufa ganzi na mkojo haumtii, apelekwe hospitali siku ile ile. Asingoje karafuu zikauke.