Lina na Kiwanda cha Mapipa

Kiwanda kikifungwa, majengo yake hufanywa nini? Mara nyingi hubomolewa. Yuko mama mmoja aliyeyapa majengo makuukuu kazi mpya. Jina lake Lina Bo Bardi.

Lina alizaliwa Roma, Italia, mwaka 1914. Alisomea usanifu wa majengo, yaani kazi ya kuchora ramani za nyumba na kusimamia ujenzi. Alimaliza chuo mwaka 1939. Mwaka 1943, wakati wa vita, mabomu yaliharibu ofisi yake mjini Milan. Mwaka 1946 yeye na mumewe walihamia Brazil.

Katika mji wa Salvador alitengeneza majengo ya zamani ya pwani yakawa makumbusho, mwaka 1963. Ndani aliweka ngazi ya mbao isiyo na misumari. Mbao zake zimeungwa kama mafundi wa huko waungavyo mikokoteni ya ng'ombe.

Mwaka 1977 alianza kazi kubwa zaidi mjini São Paulo. Shirika moja la huduma za wafanyakazi lilikuwa limenunua kiwanda cha zamani cha mapipa. Lilitaka mahali pa watu kupumzika na kucheza. Lina alikwenda kukitazama. Jumamosi moja akakuta watoto wanakimbizana, akina mama wanatayarisha chakula, na paa linavuja. Watu walikuwa wamekwisha kupafanya pao. Sasa abomoe nini?

Hakubomoa. Lipu ilibanduliwa, matofali yakaonekana. Nguzo za zege zikabaki. Ofisi yake aliiweka pale pale penye ujenzi, akashauriana na mafundi kila siku. Ni vizuri, maana ufa wa ukuta hauonekani kwenye karatasi! Kiwanda kikapata maktaba, ukumbi wa maigizo, karakana na mahali pa kula. Kituo kilifunguliwa mwaka 1982.

Viwanja vya michezo vilileta taabu. Chini ya ardhi hupita kijito, na juu yake haikuruhusiwa kujenga. Lina akasimamisha majengo mawili marefu ya zege, moja kila upande, akayaunganisha kwa madaraja ya juu. Yalikamilika mwaka 1986. Lina alifariki mwaka 1992. Kituo bado kinatumika.

Maswali

1. Lina aliona nini siku ya Jumamosi?
2. Kwa nini majengo ya michezo ni mawili?
3. Je, kijijini kwenu kuna jengo lisilotumika? Jadilianeni lingefaa kwa kazi gani.