ELIMU KWA UMMA: Rekodi ya Dereva Isiishie Kituoni

Unapopanda matatu au bodaboda, unamkabidhi dereva maisha yako. Pengine humjui, lakini makosa yake ya barabarani yanapaswa kuwa yameandikwa mahali. Somo hili linaeleza kwa nini ofisi zinazoandika makosa hayo lazima zielewane.

Nani huandika nini?

Nchini Kenya, leseni ya udereva hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Polisi wa trafiki humkamata anayevunja sheria. Mahakama huamua kesi, na inaweza kumzuia mtu kuendesha gari. Hivyo, taarifa za dereva mmoja hutoka sehemu tatu. Zisipokutana, dereva aliyezuiwa anaweza kuonekana hana hatia.

Funzo kutoka Marekani

Huko, kila jimbo hutoa leseni zake. Ili majimbo yasomeane, makosa hupewa misimbo ya pamoja: kwa mfano, A20 ni kuendesha gari ukiwa umelewa pombe au dawa za kulevya.

Mei 2019, dereva mwenye leseni ya Massachusetts alikamatwa Connecticut kwa tuhuma za ulevi. Connecticut ilituma taarifa, lakini Massachusetts haikuishughulikia, na leseni yake haikusimamishwa. Juni 21, gari lake liligongana na kundi la waendesha pikipiki huko New Hampshire. Watu 7 wakafa. Mwaka wa 2022 mahakama ilimwondolea mashtaka ya vifo hivyo. Hata hivyo, ukaguzi ulifichua masanduku ya taarifa kutoka majimbo mengine ambazo hazikuwa zimeshughulikiwa. Mkuu wa ofisi ya leseni alijiuzulu, na madereva zaidi ya elfu moja wakasimamishiwa leseni.

Misimbo ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua hatua.

Mambo manne ya lazima

1. Namba moja ya kumtambulisha dereva, kwa kuwa majina hufanana.
2. Jina moja kwa kila kosa, katika ofisi zote.
3. Muda maalum wa kutuma taarifa.
4. Afisa anayewajibika kuipokea, na njia ya dereva kurekebisha kosa lililoandikwa kimakosa.

Wajibu wako

• Hakikisha jina na namba ya kitambulisho kwenye leseni yako ni sahihi.
• Ukiuza gari au pikipiki, kamilisha uhamisho wa umiliki, la sivyo makosa ya mnunuzi yatakufuata wewe.
• Ukilipa faini mahakamani, tunza risiti.
• Ukiajiri dereva, thibitisha leseni yake kabla ya kumpa ufunguo.

Taarifa ikikaa kwenye sanduku, haiokoi mtu. Ikifika kwa anayepaswa kuchukua hatua, abiria hufika nyumbani salama.