Simu Moja, Wanafunzi Themanini: Akili Unde kwa Mwalimu wa Chaki na Ubao

Kila msimu wa TP ukikaribia, magrupu ya WhatsApp ya wanaosoma Ualimu yanajaa swali lilelile: nani ana andalio la somo la mada fulani? Zamani jibu lilikuwa desa la kaka au dada aliyetangulia. Siku hizi jibu ni fupi zaidi: "Si umuulize tu ChatGPT?"

Sina ugomvi na jibu hilo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, zana za akili unde, au akili mnemba kama wengi tunavyoita, zimeingia mfukoni mwetu na hazitoki. Swali la maana ni hili: mwalimu wa shule ya kata, mwenye ubao, chaki na wanafunzi 80 wasioruhusiwa kuja na simu, azitumieje? Hoja yangu ni kwamba hahitaji chumba cha kompyuta. Anahitaji simu moja, kitabu cha kiada na kulijua somo lake. Hicho cha tatu kikikosekana, viwili vya kwanza havitamsaidia.

Tuanze na jinsi zana hizi zinavyofanya kazi. Zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, na zikiulizwa hutabiri neno lipi lifuate lipi. Ndiyo maana zinajibu kwa ufasaha hata zinapokosea. Haziguni, hazisiti. Mwanafunzi asiyejua jibu unamwona usoni, lakini mashine haina uso.

Kwanza, ieleze darasa lako. Ukiandika "nipe somo la osmosisi", utaletewa somo la shule yenye maabara na projekta. Andika hivi: "Nina wanafunzi 80, dakika 40, sina maabara. Nina viazi mviringo, chumvi, maji na vikombe. Nipe jaribio moja na maswali matatu." Hapo utapata kitu cha kufanyia kazi: kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, kingine kwenye maji matupu, kisha wanafunzi wavibonyeze na kueleza kwa nini kimoja kimelegea na kingine kimebaki kigumu. Halafu lijaribu mwenyewe nyumbani kabla ya kuliingiza kwenye andalio. Ukibonyeza kiazi kwa mkono wako utajua kinachukua muda gani kulegea. Kama dakika 40 hazitoshi, kiandae tangu asubuhi.

Pili, itumie kumvusha mwanafunzi kwenye lugha. Tunajua hali ilivyo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza Baiolojia na Jiografia zinamsubiri kwa Kiingereza. Wengi wanaoitwa wazito hawajashindwa somo, wameshindwa sentensi. Chukua aya ngumu ya kitabu cha kiada, iombe zana iiandike upya kwa Kiingereza cha sentensi fupi, kisha ikutolee maneno 10 mapya na maana zake kwa Kiswahili. Kazi iliyokuwa ikikumalizia jioni nzima inakwisha kwa dakika chache. Ila Kiswahili chake kikague kwa kamusi. Istilahi za sayansi inazikosea, na wakati mwingine inatunga neno ambalo hakuna Mswahili aliyewahi kulisikia.

Tatu, peleka makosa yake ubaoni. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda zaidi, na haihitaji mwanafunzi hata mmoja kushika simu. Tuseme unafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, na zana imekupa aya hii: "Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 mjini Iringa vikiongozwa na Mkwawa." Usiifute. Iandike ubaoni, ligawe darasa katika makundi, na uwaambie: hapa kuna ukweli na uongo, tafuteni kwenye vitabu vyenu. Watagundua kwamba mwaka ni sahihi, ila vita vilianzia Umatumbi, jina la kutajwa ni Kinjikitile Ngwale, na Mkwawa alikuwa amefariki tangu 1898. Waulize pia aya imeacha nini. Mtu atataja kulazimishwa kulima pamba, na hapo mjadala wa sababu za vita umeshaanza wenyewe. Kwa kipindi kimoja wamesoma historia na wamejifunza kutoamini maandishi kwa sababu tu yamepangwa vizuri.

Kuna mipaka miwili pia. Usiingize majina ya wanafunzi, alama zao wala matatizo yao ya nyumbani kwenye zana hizi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mtoto alikuambia wewe, hakuiambia kampuni. Pili, usimhukumu mwanafunzi kwa programu inayodai kugundua kazi za akili unde. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, waliiondoa programu yao ya namna hiyo Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Ukiwa na shaka, mwite na umwombe aeleze alichoandika kwa mdomo wake. Dakika tano zinatosha.

Sisi hapa chuoni tukikopi jibu bovu, tunapata sapu na maisha yanaendelea. Mwalimu akikopi jibu bovu, madaftari 80 yanalibeba, na wenye madaftari hayo wengi hawana kitabu nyumbani wala bando la kuhakiki. Wanaingia nalo kwenye mtihani wa NECTA wakiwa na imani kamili, kwa sababu mwalimu ndiye aliyesema. Kwa hiyo, wanaualimu wenzangu, kabla ya kuandika lolote ubaoni, jiulize: mwanafunzi akinyoosha kidole na kuuliza "kwa nini, mwalimu?", utajibu bila kutoa simu mfukoni? Kama huwezi, andalio lako bado halijakamilika.