Mkulima Aliyeingia Chuo Bila Kupita Sekondari

Theodore Schultz alizaliwa tarehe 30 Aprili, 1902, katika shamba lililo karibu na mji mdogo wa Arlington, jimbo la South Dakota, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wa kwanza katika watoto wanane.

Alisoma katika skuli ya shamba mpaka darasa la nane, kisha masomo yakakoma. Wakati ule wa Vita Kuu ya Kwanza watu wa kufanya kazi mashambani walikuwa haba. Tena baba yake alichelea kwamba kijana akizidi kusoma ataliacha shamba. Basi Theodore akashika jembe.

Vita vilipokwisha, bei ya mazao ilianguka, na wakulima wengi wakashindwa kulipa madeni yao ya benki. Kijana alijiuliza: yawezekanaje watu wafanyao kazi kwa bidii hivi wafilisike?

Mwaka 1921 alipata njia ya kutafuta jawabu. Chuo cha jimbo, katika mji wa Brookings, kilikuwa na mafunzo ya ukulima ya miezi minne, wakati wa baridi, kazi za shamba zinapopungua. Aliyafuata mafunzo hayo, na baadaye akakubaliwa kusomea shahada, ijapokuwa hakuwahi kukanyaga sekondari. Alipoipata akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 28, akapewa shahada ya udaktari.

Tangu hapo aliyachunguza maisha ya wakulima. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1964 alieleza kwamba mkulima maskini si mvivu wala si mjinga. Hutumia vema kile alicho nacho. Anachokosa ni mbegu bora, maarifa mapya na elimu. Kwa hiyo, alisema, fedha zitumikazo kwa elimu na afya ya watu ni rasilimali, kama zile zinunuazo mashine.

Mwaka 1979 alipewa Zawadi ya Nobel ya uchumi pamoja na Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha St Lucia. Alifariki mwaka 1998.

Hofu ya baba ilitimia: kijana aliliacha shamba. Lakini wakulima hakuwaacha, na elimu ile iliyoogopwa ndiyo iliyomwezesha kuwatetea.