Kurudi Kutoka Zahanati Bila Dawa

Ndugu wasomaji wetu wa Nassa na wa vijiji vyote vilivyo kando ya Ghuba ya Speke, leo twataka kulieleza jambo moja linalowaudhi watu wengi, nalo ni kwenda zahanati na kurudi mikono mitupu.

Tuseme mama mmoja ameamka alfajiri, mtoto wake ana homa. Ameacha palizi ya pamba, amembeba mtoto mgongoni, na alipofika amekuta watu wamejaa. Amengoja mpaka jua la utosi. Mwishowe mtoto amechomwa kidoleni, damu imepimwa, naye ameambiwa, "Mama, mtoto hana malaria." Dawa hakupewa, wala maelezo hakupewa. Hurudi akinung'unika kwamba siku yake imepotea bure, na kesho yake hununua dukani vidonge vya malaria. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Yafaa tuijue asili ya jambo hili. Zamani karibu kila mwenye homa alipewa klorokwini bila kupimwa. Lakini vimelea vya malaria viliizoea dawa ile, hata mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Ikafuata SP, nayo ikazoewa vivyo hivyo, na mwaka 2006 dawa mseto ikaanza kushika mahali pake. Kisha mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Sababu zake ni mbili: dawa isitumiwe ovyo hata ikaharibika kama zile za kwanza, na ugonjwa mwingine usijifiche nyuma ya jina la malaria.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tone la damu hutiwa katika kibao kidogo, na baada ya robo saa au zaidi kidogo mistari husomwa. Ukionekana mstari wa uhakiki peke yake, malaria haikuonekana. Ukionekana pamoja na mwingine, malaria ipo. Mstari wa uhakiki usipoonekana kabisa, kipimo kimeharibika, sharti kirudiwe.

Lakini angalieni sana: kukosa malaria si kukosa ugonjwa. Homa yaweza kuwa mafua yatakayopoa yenyewe, au yaweza kuwa nimonia, ambayo huua watoto upesi. Mhesabuni mtoto pumzi zake akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe kwa mganga bila kukawia. Vidonge vya malaria havitamponya mtoto huyu. Vitampotezea wakati tu.

Basi, kabla hujainuka mbele ya mganga, uliza maneno matatu. Kwanza, mtoto anaugua nini? Pili, nimpe nini nyumbani, na kwa kiasi gani? Tatu, nirudi lini? Na ukiona degedege, au mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki, usiingoje siku uliyopewa. Rudi saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Nanyi waganga na wauguzi, twajua ya kuwa wagonjwa ni wengi na mikono yenu ni michache. Hata hivyo, mtu aliyengoja tangu asubuhi astahili kuelezwa kwa upole kwa nini hapewi dawa. Maelezo ya dakika mbili yaweza kumzuia mama asiende dukani, na yaweza kumrudisha kwenu mapema mtoto akizidiwa.

Kukiwa na upungufu wa dawa au maneno makali, kugombana mlangoni hakuleti faida. Zahanati ina kamati yake, na ndani yake wamo wajumbe waliochaguliwa miongoni mwa wananchi. Pelekeni habari kwao, mkitaja siku na jambo lililotokea.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mzazi aliyeudhika jana asiache kwa sababu hiyo kumrudisha mtoto leo.